Kabla ya kulaumu kaban, tupime nyuzi zake

Kaban, kama Wasomali wanavyouita udi, hulaumiwa sana kwa makosa yasiyo yake. Sauti ikiwa butu, husemwa mbao ni mbovu. Ikihama katikati ya wimbo, husemwa fundi hakujua kazi, au lawama hupelekwa kwa joto la Garissa. Anayepaswa kuulizwa kwanza ni uzi. Kati ya vyote vinavyounda sauti ya ala hii, yaani umbo la tumbo lake, unene wa ubao wa uso, mkono wa mpigaji na nyuzi, ni nyuzi tu zinazoweza kubadilishwa jioni moja bila kumwita fundi, tena kwa gharama iliyo sehemu ndogo ya bei ya ala yenyewe. Hata hivyo, ndizo zinazochaguliwa bila kufikiriwa: hununuliwa zilizopo, hutiwa, na zikikatika hutafutwa nyingine kama zile zile. Hoja yangu ni kwamba kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zinahitaji kujaribu nyuzi za aina mbalimbali kwa utaratibu, kuzilinganisha kwa masikio yasiyoambiwa ni uzi gani unaopigwa, na kuyaandika matokeo kwa Kiswahili na Kisomali ili kila mpigaji ayapate. Tusipofanya hivyo tutaendelea kununua ushauri uliotengenezwa kwa hewa ya nchi nyingine na kwa muziki wa watu wengine.

Ala hii si mgeni kwetu. Abdullahi Qarshe, ambaye Wasomali humtaja kuwa baba wa muziki wao wa kisasa, alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924, kabla ya familia yake kuhamia Aden, na jina lake halitenganishwi na kaban katika wimbo wa Kisomali. Ahmed Ismail Hussein Hudeydi, aliyezaliwa Berbera mwaka 1928 na kufariki London Aprili 2020, aliipiga kaban maisha yake yote hadi akaitwa mfalme wa udi. Nyimbo za mapenzi za qaraami huweza kusimama kwa mwimbaji mmoja, kaban moja na ngoma ndogo, wala hakuna kinanda cha umeme cha kuficha kasoro ya uzi. Upande wa kusini Garissa inapakana na Lamu, alikozaliwa Zein l'Abdin, bingwa wa udi katika taarab ya pwani ya Kenya. Kwa hiyo mji huu wa kando ya Mto Tana umekaa kati ya mapokeo mawili makubwa ya ala moja, na una muziki wake wenyewe: kundi la wanawake la Gargar, kutoka Garissa, limerekodi nyimbo za Kisomali na studio ya Ketebul ya Nairobi. Mahali pa namna hii pana haki, na pana wajibu, wa kuwa na maarifa yake kuhusu sauti ya udi.

Kulinganisha nyuzi si mtindo mpya kutoka Ulaya. Katika karne ya 9, mwanafalsafa al-Kindi wa Iraki alieleza udi wa zama zake uzi kwa uzi: nyuzi mbili nene zilikuwa za utumbo wa mnyama, mbili nyembamba za hariri, na idadi ya tabaka zilizosokotwa ilipungua kadiri sauti ilivyopanda. Aliandika hivyo kwa sababu alijua kwamba kila kiwango cha sauti kina mali inayokifaa. Utumbo na hariri vilidumu kwa karne nyingi, kisha nailoni ikaja. Nailoni ilivumbuliwa katika kampuni ya DuPont ya Marekani miaka ya 1930, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, utumbo ulipohitajika kushonea majeruhi, fundi Albert Augustine wa New York alianza kuitumia kwa nyuzi za gita, akitiwa moyo na mpiga gita Andrés Segovia. Mwisho wa miaka ya 1940 nyuzi hizo zilikuwa sokoni, na baadaye udi nao ukazipokea. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba nailoni haikushika nafasi yake baada ya kushindanishwa na mali nyingine juu ya udi. Iliingia kupitia uhaba, katika ala nyingine, ikabaki kwa sababu ilikuwa rahisi na ya kudumu. Tunachokiita uzi wa kawaida wa udi kina umri mdogo kuliko baadhi ya wazee wetu, na hakuna sababu ya kukiheshimu kana kwamba ni urithi wa kale.

Tutazame hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Padri wa Kifaransa Marin Mersenne aliandika kanuni hii miaka ya 1630: sauti ya uzi hupanda au kushuka kulingana na urefu wake, nguvu inayouvuta na uzito wake kwa kila mita. Chukua udi ambao uzi wake una urefu wa sentimita 60 kutoka darajani hadi mwisho wa shingo. Ili jozi nyembamba kuliko zote ifike do ya katikati ya piano, uzi wa nailoni wenye unene wa milimita 0.60 huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 3.2. Uzi wa chuma wa gita wenye unene wa milimita 0.40, ukitiwa mahali hapo kwa sauti ile ile, huvuta karibu kilo 10, mara tatu ya ule wa kwanza. Mandolini imeundwa kubeba mzigo wa aina hiyo: nyuzi zake nane za chuma kwa pamoja huvuta kama kilo 70 hadi 80, lakini mikia yake imefungwa kwenye bamba la chuma mwishoni mwa ala. Udi hauna bamba hilo. Nyuzi zake zimefungwa kwenye daraja lililogundishwa tu juu ya ubao mwembamba, na gundi ikishindwa, daraja hung'oka na vipande vya ubao juu yake. Anayetafuta mlio mkali zaidi asikimbilie chuma kabla ya kufanya hesabu hii.

Wapiga mandolini, hata hivyo, wana jambo moja la kutufundisha. Kwao kubadilisha seti ili kusikiliza tofauti ni desturi: nyuzi zilizozungushiwa shaba nyeusi, zilizozungushiwa nikeli, na zile zilizozungushiwa utepe bapa ili kidole kisisikike kikiteleza. Ala ni ile ile, mkono ni ule ule, na sauti hutoka tofauti kiasi cha mtu kuweza kuchagua uzi kwa kila aina ya muziki. Wapigaji wa kaban wana uwanja mpana vile vile wa kuchagua, ila wengi hawajaambiwa. Mbali na nailoni, kuna florokaboni, ambayo wapigaji huiita uzi wa kaboni, na kuna nyuzi za kuiga utumbo kama zile ziitwazo Nylgut za kiwanda cha Aquila cha Italia. Tofauti kubwa ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya nailoni ina gramu 1.14, utumbo na mali za kuuiga huwa karibu na 1.3, na florokaboni ina 1.78. Uzi mzito zaidi kwa ujazo unaweza kuwa mwembamba zaidi na bado ukatoa sauti ile ile kwa mvuto ule ule: badala ya nailoni ya milimita 0.60, florokaboni ya 0.48 inatosha. Na uzi mwembamba hupinda kwa urahisi, kwa hiyo sauti zake ndogo za juu hazifi mapema. Masikio huyapokea hayo kama uwazi na ukali. Nailoni nene, kwa upande wake, hutoa sauti ya mviringo na laini, ambayo wengine wanaipenda na wengine wanaiona imezibwa.

Uzuri wa maarifa haya ni kwamba hayahitaji maabara. Florokaboni huuzwa pia kama mshipi wa kuvulia samaki, na wapo wapigaji duniani wanaoikata kutoka kwenye gurudumu la mshipi badala ya kununua seti. Tatizo ni kwamba mshipi mwingine huandikwa florokaboni hali ni nailoni iliyopakwa tu. Njia ya kuujua ukweli ni mizani ya sonara, ile inayopimia dhahabu. Pima mita 10 za uzi wenye unene wa milimita 0.60. Nailoni itakuwa na takriban gramu 3.2, na florokaboni takriban gramu 5. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuweza kufichwa na karatasi ya kiwandani. Mwenye duka la dhahabu anaweza kumaliza kazi hiyo kwa dakika chache, na mpigaji akaondoka akijua hasa anachokitia kwenye ala yake.

Hali ya hewa ndiyo inayofanya jaribio la hapa kwetu liwe la lazima. Garissa mvua ya mwaka mzima kwa wastani haifiki milimita 400, na alasiri za Februari na Machi joto hupita digrii 35. Vumbi la jilaal, msimu wa ukavu, huingia kati ya mizunguko ya waya katika nyuzi za besi, ambazo huwa na kiini cha nyuzinyuzi laini kilichozungushiwa shaba iliyopakwa fedha, na likichanganyika na jasho la vidole, mlio hufa mapema. Kisha huja gu na deyr, misimu ya mvua, na hewa hubadilika ghafla. Nailoni hunywa unyevu wa hewani na kuuachia hewa ikikauka, kwa hiyo sauti yake huhama pamoja na msimu. Florokaboni karibu hainywi unyevu kabisa. Lamu, isiyo mbali kwa ramani, ina hewa ya chumvi na unyevu wa mwaka mzima, na adui wa nyuzi kule ni kutu. Ikiwa majirani wawili wanaweza kuwa na mahitaji tofauti kiasi hiki, basi ushauri ulioandikwa na muuzaji wa Istanbul, Cairo au Berlin hauwezi kuwa neno la mwisho kwa Wajir. Mwenye gari la kwenda Mandera hachagui tairi kwa kusoma ushauri wa barabara zenye theluji.

Kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo nzito zaidi: muziki wenyewe. Wapigaji wa Kiarabu na Kituruki hufuata maqamu zenye noti saba na hatua ndogo ndogo kati yake. Muziki wa Kisomali kwa kiasi kikubwa umejengwa juu ya noti tano. Nafasi kati ya noti ni pana, noti moja hurudiwa na kuachwa isikike, na mashairi hudai kila neno lieleweke juu ya kaban. Uzi unaofaa mapigo ya haraka yenye mapambo mengi, unaonyamaza upesi ili noti zisigongane, si lazima uwe ndio unaofaa wimbo wa qaraami ambamo noti inatakiwa isimame hadi mwimbaji avute pumzi. Tena udi hauna mikato ya vyuma shingoni. Uzi usio na unene sawa kutoka mwanzo hadi mwisho humdanganya mpigaji, kwani kidole kipo pahali pake lakini sauti si yake. Na kwa kuwa nyuzi zimepangwa jozi jozi, uzi mmoja mbovu huharibu na mwenzake. Haya ni mambo ambayo sikio lililolelewa na muziki wa Kisomali ndilo linaloweza kuyaamua. Muuzaji wa mbali hawezi kutuamulia.

Sikio hilo nalo linahitaji kulindwa dhidi ya bei na sifa. Mwaka 2010 mjini Indianapolis, Marekani, mtafiti Claudia Fritz na fundi wa fidla Joseph Curtin waliwapa wapiga fidla 21 fidla sita za kujaribu: tatu mpya na tatu za kale, kati yake mbili za Stradivari na moja ya Guarneri. Wapigaji walivaa miwani ya giza katika chumba chenye mwanga hafifu ili wasiione ala. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012, wengi walipendelea fidla mpya, wengi hawakuweza kutambua kama ile waliyoichagua ilikuwa ya kale au mpya, na ala iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa moja ya zile za Stradivari. Hao walikuwa mabingwa wa kazi yao. Ikiwa jina linaweza kuwachezea wao, litatuchezea na sisi tunapoambiwa kwamba seti fulani ni bora kwa sababu imetoka Ujerumani au kwa sababu ni ghali. Kwa hiyo jaribio la haki liwe hivi: kaban moja, mpigaji mmoja, kipigio kimoja, kipande kimoja cha muziki, na simu ya kurekodia isiyosogezwa. Kila seti ipewe siku kadhaa za kutulia kabla ya kurekodiwa. Kisha wasikilizaji wapewe rekodi zenye namba tu, mbili mbili, moja baada ya nyingine papo hapo, kwa sababu kumbukumbu ya ladha ya sauti haikai. Tarehe, saa, joto na unene wa kila uzi viandikwe.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni kupoteza muda, kwa sababu mpigaji hodari atatoa muziki hata kwenye uzi mbaya. Ni kweli kwamba mkono hauna mbadala, na mwanafunzi mvivu hataokolewa na florokaboni. Lakini hoja hiyo ikitazamwa vizuri inaniunga mkono. Bingwa ana uzoefu wa kuficha kasoro ya uzi; anayeanza hana. Kijana wa Garissa anayejifunza kwa uzi unaohama kila alasiri hawezi kujua kama kosa ni la kidole chake au la ala, na atajifunza kusahihisha kisichopaswa kusahihishwa. Uzi mzuri humfaa asiyejua kuliko anavyomfaa bingwa, na ndiyo maana maarifa haya hayafai kubaki siri ya wachache.

Pingamizi la pili ni la mapokeo: kwamba sauti ya kaban tunayoipenda ni ile ya kanda za zamani, na mali mpya zitaiondoa. Naliheshimu pingamizi hili kwa sababu linatokana na mapenzi. Kanda za Radio Hargeisa zilifichwa chini ya ardhi mwaka 1988 zisiangamizwe na mabomu, na albamu ya nyimbo zilizookolewa hivyo, Sweet as Broken Dates, ilitoka mwaka 2017 ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Watu waliohatarisha maisha kwa ajili ya sauti wanastahili warithi waangalifu. Lakini kulinda sauti si sawa na kulinda bidhaa iliyozoeleka dukani. Anayetaka mlio wa kanda zile anaweza kuulinganisha na rekodi zenye namba na kuangalia ni uzi gani wa leo unaoukaribia zaidi. Huenda ukawa nailoni, huenda ukawa ule wa kuiga utumbo. Bila kulinganisha hatutajua, na tutaendelea kuita mapokeo kile kilichopatikana dukani.

Wa tatu watauliza kwa nini tuzungumzie nyuzi katika eneo lililopita ukame wa 2020 hadi 2023 na kisha mafuriko ya mwisho wa 2023 yaliyokata barabara ya Garissa. Jibu langu ni kwamba jaribio hili halimnyang'anyi mtu maji wala chakula. Linahitaji seti chache za nyuzi, kaban moja, simu na watu walio tayari kusikiliza. Katiba ya Kenya ya 2010 imeziachia kaunti shughuli za utamaduni katika Jedwali la Nne, na fedha za utamaduni zikiishia kwenye tamasha la siku moja, jukwaa likivunjwa hakibaki cha kumfaa mpigaji. Kitabu kidogo cha matokeo kingebaki. Tena mpigaji wa hapa kwa kawaida huagiza nyuzi mbali, na kila seti isiyofaa ni hasara ambayo hawezi kuirudisha.

La nne ni la dini, na katika mji wenye Waislamu wengi kama Garissa haliwezi kupitwa kimya. Mafakihi wengi wa kale walizikataza ala za nyuzi, na Ibn Hazm wa Andalusia ni miongoni mwa waliosema kwamba dalili za katazo hilo hazikuthibiti. Makala haya hayawezi kuamua mjadala wa wanazuoni, na anayejiepusha na kaban kwa sababu ya imani yake yuko ndani ya haki yake. Ninachosema kinawahusu wanaoipiga tayari, katika harusi, studio na hafla za mashairi. Kwao swali la kupiga au kutopiga wameshalijibu. Lililobaki ni kama watafanya kazi yao kwa ujuzi au kwa kubahatisha, na kufanya kazi kwa ustadi hakujawahi kuwa kinyume cha maadili ya mji wowote.

Pendekezo langu basi ni dogo na linatekelezeka. Idara ya utamaduni ya Kaunti ya Garissa iwaite wapigaji wa kaban wa kaunti zote tatu, na mmoja wa Lamu kwa ajili ya kulinganisha hewa mbili. Chuo Kikuu cha Garissa kitoe ukumbi, mizani na wanafunzi wa kuandika takwimu, maana hesabu ya Mersenne ni fizikia ambayo mwanafunzi anaweza kuipima mwenyewe akaisikia. Jaribio lifanywe mara mbili, katika jilaal na katika deyr, ili uzi uliofaulu kwenye ukavu upimwe pia kwenye unyevu. Matokeo yapelekwe kwa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi cha Zanzibar, kilichoanzishwa 2002 na kinachofundisha udi, ili nao wayajaribu kwa hewa ya kisiwani. Na yachapishwe yote, hata yale yanayoonyesha kwamba seti ya bei nafuu ililingana na ya ghali, au kwamba wasikilizaji hawakukubaliana. Kutokubaliana nako ni matokeo, kwa sababu kutamwonyesha mpigaji mahali ambapo yuko huru kufuata ladha yake na mahali ambapo uzi fulani ni hasara kwa yeyote. Anayeamini kwamba nailoni ya kawaida inatosha hana la kuogopa katika jaribio hili. Ikishinda kwa masikio yaliyofungwa macho, nitakuwa wa kwanza kuipendekeza.